Dakika za Samaki

Shangazi yangu hapendi neno "kama". Ukimwambia umefika kama saa tatu hivi, atakutazama juu ya miwani yake mpaka utaje na dakika. Miaka ishirini na sita aliyokaa mbele ya mashine ya kuchapa katika ofisi ya maji ndiyo iliyomharibu. Huko, anasema, barua iliyochelewa dakika tano ilimkosa mkubwa wa ofisi, na mkubwa akirudi wiki ijayo ameshasahau alichotaka kusaini. Mtaani wanamwita Bi Dakika, na wengine humwita hivyo usoni. Hakasiriki. Hukasirika tu mtu akimwita hivyo halafu akachelewa.

Alipostaafu, wenzake walifungua vibanda au walikaa kulea wajukuu. Yeye hakuwa na mjukuu wala hamu ya kibanda. Alichimbisha mabwawa matatu nyuma ya nyumba aliyoiacha babu, akajifunza kuzalisha vifaranga vya samaki, na kabla hatujajua tumepatwa na nini, sebule ilikuwa na matangi manne ya plastiki na maji yanatiririka kutwa. Nasema "tumepatwa" kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshahamia kwake. Niliachana na mume wangu, nikaja na cherehani na masanduku mawili, Shangazi akanipokea mlangoni na kusema, "Barazani pana mwanga mzuri wa kushonea. Usiweke sabuni karibu na matangi." Mjadala wa ndoa yangu uliishia hapo. Siku hiyo nilimpenda kuliko watu wote waliokuja kunipa pole.

Vifaranga, kwa asiyejua, ni samaki wadogo wa kupandikiza bwawani, urefu wa nusu ya kidole. Samaki mkubwa akifa bado ni kitoweo, lakini kifaranga akifa ni takataka tu, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuwafikisha wazima. Unawanyima chakula siku moja na nusu ili wasichafue maji. Unawatia kwenye mfuko mgumu wa plastiki, theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, unaikaza shingo ya mfuko kwa mpira, na hapo ndipo saa yao inapoanza. Oksijeni tunaichukua kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa wa pili. Mpaka leo fundi huyo haamini kwamba samaki wanavuta kitu kilekile anachokatia mageti.

Mwaka jana Shangazi alipata oda yake ya kwanza ya mbali. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa rika lake, katika mji ulio upande wa pili wa milima, alikuwa amechimba mabwawa mawili kwa jembe yeye na wenzake wanne, na huko kwao hakuna anayezalisha vifaranga. Walikuwa hawajaonana; walijuana kwa simu, na kwenye simu walielewana mno hadi nikaona wivu kidogo. Mwalimu alitaka vifaranga elfu mbili. Aliyewapeleka ni Baba yangu.

Baba ni kaka mkubwa wa Shangazi. Ameendesha malori miaka thelathini, na sasa ana pikapu moja kuukuu anayoipenda kuliko baadhi yetu. Alijitolea mwenyewe, tena kwa furaha. Kwa barabara ni kilomita mia tano na ishirini, maana barabara inaizunguka milima yote kabla haijakubali kuvuka. Alikwenda, akarudi, na alipoingia uani hakushuka garini kwa muda mrefu. Ndipo akatuambia. Alipofungua maboksi kule, samaki wote walikuwa wanaelea ubavu, elfu mbili, hakuna hata mmoja aliyetikisa mkia. Mwalimu hakumlaumu. Alimpa maji ya kunawa, akamtandikia mahali apumzike.

Tangu hapo Baba akawa adui wa mabwawa. Akaitisha kikao cha ndugu sebuleni kwa Shangazi, wakakaa wakiwa wamebanwa na matangi, miguu imekunjwa.

"Yafukiwe," Baba alisema. "Tujenge vyumba, watu wapate pa kuishi. Samaki wana mito yao."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kiwanja ni cha babu, yaani cha wote, na Baba akisema jambo kikaoni ni vigumu mtu kumpinga. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, mguu juu ya kanyagio la cherehani, na nilitamani kuingia nimwambie Baba maneno mawili matatu. Sikuingia. Nilishona pindo la sketi ya mtu mpaka likapinda.

"Nipeni jaribio moja," Shangazi akasema. "Mwalimu bado ananisubiri. Wakifa tena, nitashika koleo mwenyewe nianze kufukia."

"Sawa," Baba akajibu. "Lakini mimi sibebi tena maiti."

Jaribio lenyewe lilikuwa ndege. Mji wetu una kiwanja kidogo cha ndege, njia moja ya kurukia na jengo la vyumba vitano, na kila asubuhi isipokuwa Jumapili inaruka ndege ya mapangaboi kwenda mji wa Mwalimu. Shangazi alitaka kujua kitu kimoja tu: ni umbali gani, na ni dakika ngapi. Utadhani ni swali rahisi. Nilishika simu nikauliza mtandao. Ukanijibu kwamba kati ya viwanja hivyo viwili, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita mia tatu thelathini na nane, na safari ni dakika thelathini na nane.

"Ndege gani hiyo?" Shangazi akauliza.

"Haijasema."

"Basi haijui. Hiyo imepigia hesabu madege yale makubwa, yanayopita juu ya vichwa vyetu bila hata kutusalimu. Yetu ina mapanga."

Tulikwenda ofisi ya tiketi. Msichana wa dirishani, mpole sana, kucha zake nzuri, akasema, "Ni kama saa moja hivi, mama." Nilimkanyaga Shangazi mguu kabla hajafungua mdomo. Kwenye karatasi ya ratiba iliandikwa saa moja na robo. Jirani yetu aliyewahi kupanda akasema hakumbuki, alifumba macho safari nzima akiomba. Shangazi aliandika majibu yote manne kwenye daftari lake gumu la jalada jekundu, akayatazama, akayapiga mstari.

"Tutapima wenyewe," akasema.

Hivyo ndivyo wanawake wawili wazima, wastaafu, wenye heshima zao, walivyogeuka wapelelezi. Kila asubuhi kwa wiki moja na nusu Shangazi alikwenda kusimama kwenye uzio wa kiwanja chetu na daftari lake, na Mwalimu akasimama kwenye uzio wa kiwanja cha kwao. Magurudumu yakiachana na lami huku, Shangazi anapiga simu: "Imeruka!" Yakigusa kule, Mwalimu anapiga: "Imetua!" Siku ya pili mlinzi alikuja kumuuliza anaandika nini kuhusu ndege.

"Samaki," Shangazi akamjibu bila kuinua kichwa.

Mlinzi akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa alipofika na kusikiliza habari yote, alicheka mpaka akamletea kiti. Walipima safari tisa. Fupi kuliko zote ilikuwa dakika hamsini na nne, ndefu saa moja na dakika tatu, na Shangazi akachukua kati: dakika hamsini na nane hewani. Namba hiyo aliizungushia duara mara mbili.

Bado alitaka kujua upande wa samaki. Wangeweza kukaa mfukoni muda gani? Akafunga mfuko mmoja alfajiri kwa kipimo kilekile cha mwaka jana, akautia boksini, na boksi akaliweka chini ya meza ya cherehani yangu. "Shona," akaniambia. "Ndege inatetemeka." Nikashona kutwa nzima, sare za shule thelathini, huku yeye amekaa kwenye kigoda akifunua boksi kila nusu saa. Jioni aliandika kitu, akafunga daftari.

"Wamekaa muda gani?" nikamuuliza.

"Masaa kumi. Ndipo wakaanza kupinduka."

Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango, na chakula hakukigusa. Nilidhani ni uchovu. Wakati mwingine mimi ni mjinga kuliko ninavyojidhania.

Siku yenyewe, miezi miwili baadaye, ilikuwa Alhamisi. Tulifunga mifuko minane, vifaranga mia mbili na hamsini kila mmoja, na mpira wa mwisho ukakazwa saa moja kamili asubuhi. Shangazi aliijaza oksijeni mpaka mifuko ikawa migumu, ukiigonga kwa ukucha inalia. Taksi ikatupeleka na maboksi manne. Tulipopita nyumbani kwa Baba, Shangazi aligeuka kutazama upande wa pili wa barabara kana kwamba kule kuna jambo. Pikapu haikuwepo uani.

Karani wa mizigo alikuwa mtu wa makamo mwenye sweta na penseli sikioni, na alivyoipenda mizani yake nilimbatiza Mizani palepale. Kila kitu kilipanda juu yake: maboksi, mifuko ya abiria, hata abiria wenyewe mmoja mmoja, maana ndege ni ndogo na uzito wake unahesabiwa kwa kilo. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa mbele yetu aliposhuka alimwambia, "Ukiitangaza hiyo namba, mimi na wewe tutajuana." Mizani akaiandika huku ameifunika kwa kiganja. Maboksi yetu yalitoka kilo sabini na moja. Akafungua boksi la kwanza ili akague, akaubonyeza mfuko kwa kidole, uso ukabadilika.

"Hapana, mama. Hii haipandi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Imejaa mno. Huko juu hewa ni nyepesi, kilichofungwa kinavimba. Mipira ya miguu hatuipokei mpaka itolewe upepo. Hii itapasuka, maji yatamwagika kwenye mizigo ya watu." Akanyoosha mkono kwenye shingo ya mfuko. "Tunatoa tu, halafu tunafunga tena."

Shangazi alimshika kifundo cha mkono. Sijawahi kumwona akimgusa mtu mgeni.

"Usitoe. Huo si upepo. Ndio uhai wao."

Kwa barabara mfuko unajazwa hadi mwisho, na yeye alijaza kama wa barabara. Alipima kilomita, akapima dakika, akapima hata mtetemeko wa cherehani, lakini suala la mfuko kuvimba angani halikumpitia akilini. Mtungi wa oksijeni ulikuwa nyumbani. Mizani akiitoa yote, samaki wasingefika hata mlangoni mwa ndege, na akikataa mzigo, jaribio lilikuwa limekwisha. Nilimwona Shangazi akitazama chini kwenye sakafu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Halafu akaivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa.

"Inavimba kiasi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Umesema inavimba. Kiasi gani? Nusu? Robo?"

Mizani akakuna shingo kwa penseli. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo, na lilimpendeza. "Ngoja," akasema, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na rubani, mwanamke mrefu mwenye kikombe cha chai mkononi. Rubani akabonyeza mfuko, akawatazama samaki kwa ndani, akatabasamu.

"Inavimba karibu theluthi," akasema. "Toeni theluthi ya hewa. Zaidi ya hapo si lazima."

"Theluthi," Shangazi akarudia, na papo hapo alikuwa ameshageuza kikaratasi cha mizigo na kuandika nyuma yake. Mifuko ya masaa kumi, ukiondoa theluthi, inabaki ya masaa sita na dakika arobaini. Kuanzia saa moja asubuhi, mwisho wao ni saa saba na dakika arobaini mchana. Ndege inaruka saa nne kamili, inatua saa tano kasoro dakika mbili. Nusu saa kutoa mizigo. Dakika arobaini kwa gari mpaka kwa Mwalimu. Dakika ishirini mifuko ielee bwawani ikiwa imefungwa, ili samaki wazoee maji. "Saa sita na nusu wanafunguliwa," akasema. "Tuna saa nzima na dakika kumi za ziada. Inatosha."

Tukatoa. Shangazi alikuwa anafungua kidogo, anabana kwa viganja, Mizani anasema "basi", na mimi nafunga. Mipira mitatu ilikatika. Nilikuwa na lastiki ya kiunoni mkobani, mita mbili, ya gauni la mteja. Nikaikata vipande. Mteja huyo alikuja kusubiri gauni lake siku mbili zaidi, na hadi leo hajui alisubiri kwa ajili ya nani.

Saa nne kasoro dakika tano msichana wa kucha nzuri akasimama mlangoni na kutangaza kwamba kuna ukungu upande wa pili, ndege itachelewa.

"Kwa muda gani?" Shangazi akauliza kwa sauti iliyowageuza abiria wote.

"Kama..." msichana akaanza. Akanitazama, akamtazama Shangazi. "Sijui, mama. Nisamehe."

Hapo hakukuwa na la kufanya ila kukaa. Mizani aliyaondoa maboksi kwenye kitoroli kilichokuwa juani, akayaweka ofisini kwake chini ya feni, akaigeuza feni iyaelekee yenyewe. Sisi tulikaa kwenye benchi la nje. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Shangazi alikuwa anakata dakika kwenye kikaratasi, moja baada ya nyingine. Saa tano na dakika tano ndege ikaruka. Alipomaliza hesabu mpya alinionyesha bila kuitamka: saa saba na dakika thelathini na tatu. Katika zote zile, zimebaki dakika saba.

Mizani akatoka akituletea habari kwamba ameyapakia maboksi mwisho kabisa, mlangoni, ili yatoke ya kwanza, na amempigia mwenzake wa kule asiyaache yakasubiri foleni. Shangazi alisimama akampa mkono, akamshukuru kwa maneno marefu ya kiofisi, yale ya barua. Mizani akaona haya, akarudi kwenye mizani yake.

Ndipo nilipoiona pikapu. Ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara chini ya bango, na vumbi lililotua juu ya kioo lilionyesha imekaa hapo tangu asubuhi. Baba alikuwa ndani, mikono juu ya usukani, kana kwamba anaendesha.

"Usimtazame," Shangazi akasema. Kumbe alishaiona zamani.

Baba alivumilia mpaka saa sita na nusu. Akashuka, akavuka barabara na chupa ya maji, akampa dada yake, akakaa mwisho wa benchi. Hakutusalimu na sisi hatukumsalimu.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Saba."

"Masaa?"

"Dakika."

Baba akavuta pumzi ndefu. Tukakaa watatu tukitazama njia tupu ya ndege. Nilikuwa na hasira naye mwaka mzima, na nilitamani kuendelea nayo, lakini ni vigumu kumkasirikia mtu anayehesabu dakika zilezile unazozihesabu wewe.

Simu iliita saa saba na dakika kumi na nne. Mapema mno. Sote watatu tulijua kwamba simu ya mapema inaweza kuwa habari mbaya. Shangazi akaipokea, akaiweka juu ya benchi katikati yetu, sauti imefunguliwa.

"Niambie waliokufa," akasema. Hakusalimia wala hakuuliza habari za nyumbani.

"Subiri," Mwalimu akasema, na tukasikia maji yakipigwapigwa na wanawake wengine wakizungumza wote kwa pamoja. "Subiri, nahesabu. Yule mtu wa mizigo alinipa maboksi kabla abiria hawajashuka. Kumi na saba... kumi na tisa. Kumi na tisa."

"Katika mfuko wa kwanza?"

"Katika yote, dada. Yote minane. Hawa wengine wanakimbia humu hata siwezi kuwahesabu!"

Nililia. Sioni aibu kulisema. Shangazi alichukua penseli akaandika "19" kwenye daftari, akaweka saa pembeni, akakandamiza hadi penseli ikavunjika ncha. Mwalimu alikuwa bado anazungumza, anasema jirani zake wamekuja kuangalia na wawili wanataka kuchimba ya kwao. Shangazi akamwambia atampigia baadaye, akakata simu.

Baba alikuwa ameinama, viwiko kwenye magoti.

"Niliendesha polepole," akasema.

Hatukumwelewa mara moja.

"Ile mara. Nilisema maji yasimwagike, wasigongane humo. Kila kona nilipunguza, kila shimo nilisimama. Wengine wanatumia masaa kumi na matatu, mimi nilitumia kumi na sita. Nilifikiri ninawatunza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Laiti ningekimbiza, dada, wangefika. Kila nikiyaona yale mabwawa naliona hilo."

Basi ndiyo sababu. Mwaka mzima nilimwona mkaidi, kumbe alikuwa anataka kufukia aibu yake pamoja na maji.

Shangazi alifungua daftari jekundu. Alilipekua nyuma, akapita safari tisa za uzioni, akafika kwenye ukurasa wa siku ile niliyoshona sare thelathini. Akauweka magotini kwa Baba.

"Soma."

"Masaa kumi," Baba akasoma.

"Mfuko ule ulikuwa wa masaa kumi tu. Ungekimbiza mpaka magurudumu yang'oke, hakuna gari linalofika kule kwa masaa kumi. Walikuwa wamekufa tangu nilipowafunga, kaka. Mimi niliwafunga bila kuuliza safari ni ndefu kiasi gani. Mimi, na dakika zangu zote. Si wewe. Ni mimi."

"Umelijua lini?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili umeniacha nalo?"

"Niliona aibu. Nisamehe."

Baba aliinuka. Alimrudishia daftari, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, akaingia kwenye pikapu na kuufunga mlango kwa kishindo. Injini ikawaka. Shangazi akatazama mikono yake. Nilimshika bega. Ndipo honi ikapigwa, ndefu, hadi mlinzi wa uzio akashtuka.

"Mnapanda," Baba akapaza sauti dirishani, "au mnataka kulala hapo?"

Tulipofika nyumbani Baba alizunguka hadi nyuma, akasimama ukingoni mwa bwawa la kwanza mikono nyuma, akakaa hapo mpaka Shangazi akamletea kopo la chakula cha samaki. Aliwarushia vibaya, kiasi kikubwa mno, na Shangazi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakumrekebisha mtu.

Mwezi huu tumepata oda ya pili, mifuko kumi na sita, ya wale jirani wawili wa Mwalimu. Kikao cha ndugu hakijaitishwa tena. Sebule imeongezewa tangi la tano na sasa wageni tunawakaribisha barazani kwangu, katikati ya vitambaa. Leo asubuhi tulifunga mpira wa mwisho saa moja kamili, mifuko ikiwa imejazwa kwa kipimo cha ndege. Tulipofungua geti kusubiri taksi, tukaikuta pikapu imeshageuzwa, inanguruma, nyuma imetandikwa magodoro mawili. Baba alikuwa kwenye usukani, amevaa shati la kazi alilostaafu nalo. Aliyapanga maboksi mwenyewe, akayafunga kamba, akaijaribu kila kamba mara mbili. Kisha akaingia, akashika gia, akamtazama dada yake kwenye kioo.

"Una dakika ngapi?" akauliza. "Nikimbize?"

Shangazi alitazama saa yake ya mkononi, halafu akaiteremshia mkono wa gauni.

"Endesha polepole, kaka," akasema. "Muda tunao."